Diski ya baba ikae kwa nani?

BARUA

Shikamoo mama mshauri,

Naomba usitaje jina langu wala ukoo. Moshi ni mji mdogo, na wifi yangu husoma safu hii.

Mimi ni mwanamke wa miaka 39, mhasibu, naishi Soweto hapa hapa Moshi na mume wangu na watoto wawili. Kwetu ni Kibosho. Tuko watano kwa baba na mama. Kaka mkubwa anaishi Njiro, Arusha. Anayemfuata ni dada, yuko Dar. Mimi ni wa tatu. Mdogo wangu wa kiume yuko Mwanza, na kitindamimba ndiye aliyebaki nyumbani na mama kwenye kihamba, shamba la ukoo la nyumbani, kama desturi yetu ilivyo.

Baba alifariki mwaka juzi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kitu alichokipenda kuliko vyote ni kupiga picha. Mgeni alikuwa hapewi hata chai kabla baba hajamsimamisha kwenye migomba ampige. Ametuachia maalbamu, kaseti za video za komunio na kipaimara zetu, za harusi ya kaka, za msiba wa babu, na kaseti ndogo za redio ambamo alimrekodi bibi akisimulia mambo ya zamani kwa Kichaga. Baada ya msiba tulikuta unyevu umeshaanza kazi yake: picha zimegandana, ukizibandua rangi inabaki kwenye plastiki. Kwa ridhaa ya mama nikazibeba. Nikawa naskani usiku watoto wakishalala, na kaseti nikazipeleka studio zikahamishiwa kwenye kompyuta. Sasa yote ni mafaili, karibu giga 900, na yote yako kwenye hadi diski moja ya nje ya tera 1. Laptopu yangu ni ya giga 256, haiwezi kuyabeba.

Hiyo diski imeanza vituko. Naichomeka, inatokea, nikifungua folda, inapotea, nikigusa waya, inarudi. Fundi mmoja karibu na stendi ameniambia ama ni waya, ama diski yenyewe inaaga.

Kwenye grupu la familia tumechanga shilingi 700,000 za kununua "diski ya familia". Pesa ninazo mimi, na tangu zifike kwangu sina amani. Kaka mkubwa anataka tununue moja kubwa, ya tera 4, ya uhakika, isiyokufa, ikae ofisini kwake Arusha kwenye sefu kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Dada anasema mambo ya diski yamepitwa na wakati, tulipie Google Drive kila mtu aangalie kwenye simu yake. Wa Mwanza ametutumia picha ya flashi za tera 2 zinazouzwa 35,000, anasema tununue tano, kila mtu na yake, na chenji tumpe mama. Kitindamimba amejibu mara moja tu: vitu vya baba vinakaa kwa baba. Mume wangu naye anasema ninunue SSD, ile diski isiyo na kinachozunguka ndani, maana haivunjiki ikianguka, na kwetu kuna mtoto wa miaka minne. Yule fundi ananishauri nichukue diski zilizotolewa kwenye kompyuta za maofisi, anivalishe kava, nitaokoa nusu ya pesa.

Nimeulizia bei madukani. Hadi diski ya nje ya tera 2 nimetajiwa 230,000, ya tera 4 ni 420,000, na SSD ya tera 2 ni 550,000.

Lakini mama, kuna lingine, na hili sijalisema kwenye grupu. Katika hayo mafaili kuna moja la sauti, kama dakika arobaini hivi. Ni baba, anaongea kwenye simu yangu miezi michache kabla hajaondoka. Anaeleza mipaka ya kihamba, mti kwa mti, sale kwa sale, ile mimea ya mpakani. Halafu anafika kwenye lile shamba la chini, la tambarare, anasema sehemu yake apewe dada na mimi. Mama alikuwepo, amekaa pembeni anachambua maharage, na anasikika akikohoa. Kaka mkubwa hajui. Hilo shamba ndilo analolima yeye kila mwaka.

Nikinakili kila kitu kwa kila mtu, sauti hiyo itasikika Krismasi hii hii, maana Desemba wote wanapanda nyumbani. Nikilitoa faili hilo, siku likijulikana nitaitwa mwizi. Mume wangu anasema nilifute tuishi kwa amani. Siwezi kufuta sauti ya baba.

Ninunue diski gani, ikae kwa nani, na hilo faili niliweke wapi?

Mtunza Picha, Moshi

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee.

Umeniuliza maswali matatu, na nimeona ulivyoyapanga: diski kwanza, sauti ya baba mwisho kabisa. Nadhani la diski limetangulia kwa sababu lina bei dukani na lingine halina. Nitaufuata mpangilio wako huo huo, kwa sababu nyingine: diski yako inaweza kufa wiki hii, na ikifa, maswali mengine hayatakuwa na cha kujibiwa.

Basi tuanze na leo usiku. Acha kuifungua kwa ajili ya kutazama picha. Badilisha waya kabla ya kitu chochote. Diski nyingi za nje hutumia ule waya wenye mdomo mpana uliogawanyika sehemu mbili, na mdomo ule hulegea upesi. Ichomeke kwenye laptopu moja kwa moja, iwe juu ya meza ambapo mtoto hafiki. Ikitulia, anza kutoa vitu kwa kunakili. Usikate na kubandika. Kompyuta ikikuuliza kama unataka kuifomati, yaani kuisafisha ianze upya, kataa, hata ikiuliza mara kumi. Ukisikia inagonga ndani, tik, tik, tik, izime na usiiwashe tena mpaka iwe mikononi mwa mtu anayeokoa mafaili kwa kazi. Wapo, ni ghali, na hawaifungui diski kwenye meza yenye vumbi. Fundi yeyote atakayeshika bisibisi mbele yako aifungue, mnyang'anye.

Laptopu yako haiwezi kubeba giga 900, lakini inaweza kubeba zile ambazo hazina pa kutoka tena. Sauti ya bibi na ya baba ni ndogo sana kwa ukubwa, zitaingia zote. Halafu video za kaseti, maana utepe nao unazeeka na mashine za kuuchezesha zinaadimika. Picha ulizoskani wewe, hasa zile zilizobaki rangi kwenye plastiki ulipozibandua, zinafuata. Kuna programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo inayosoma afya ya diski. Ikikuonyesha rangi ya njano au nyekundu, ujue fundi wako wa stendi alisema kweli.

Sasa tuje kwenye duka.

Kaka yako anataka diski isiyokufa. Namwelewa, lakini haijatengenezwa. Ndani ya hadi diski kuna sahani zinazozunguka, kwa hizi ndogo za nje mara nyingi ni mizunguko 5,400 kwa dakika, na juu yake kuna kichwa cha kusomea kinachoelea bila kugusa. Ikianguka wakati inafanya kazi, kichwa kinaikwaruza sahani na hadithi inaishia hapo. Hata isipoanguka, ina mota, na mota huchoka. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, inayotunza mafaili ya watu kwenye maelfu kwa maelfu ya diski, imekuwa ikitangaza takwimu zake kwa miaka mingi sasa, na kwa kawaida zinazokufa ni kati ya asilimia 1 na 2 kwa mwaka. Ni chache. Ila wewe huna maelfu ya diski, unayo moja, na moja haifi kwa asilimia. Tera 4 ni kubwa kuliko tera 2, lakini ukubwa hauifanyi kuwa salama zaidi. Hata jina juu ya kava lisikusumbue sana: leo duniani wanaotengeneza hadi diski ni watatu tu, Seagate, Western Digital na Toshiba. Ukikuta jina lingine, ndani ni mmoja wa hao. Cha kuangalia ni udhamini, na risiti ya EFD mkononi.

Mpiga picha mmoja wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeeneza kanuni ambayo watu wa kazi hii wanaifuata mpaka leo: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, na moja kati yake ikae mbali na nyingine. Ukiishika hiyo, swali la "ninunue diski gani" linapungua uzito. Linakuja swali la ngapi, na ziwe wapi.

Kuhusu ukubwa, usishangae tera 1 yako kujaa mapema. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, kwa hiyo tera 1 inaandikwa giga 931 na tera 2 inaandikwa kama 1,863. Kwa giga 900 ulizonazo, tera 2 inakutosha na nafasi ya kupumua. Tera 4 itakufaa kama bado kuna rundo la kaseti hujalihamisha, na hilo hukuniambia.

Mume wako ana hoja. SSD haina kinachozunguka, ina kasi, na mtoto wa miaka minne akiidondosha kuna uwezekano mkubwa itaamka. Ila mwulize hivi: hii ni ya kufanyia kazi kila siku, au ni ya kulala kabatini? SSD hutunza kumbukumbu kama chaji ya umeme, na ikikaa muda mrefu bila kuchomekwa chaji hiyo huvuja, na joto huharakisha. Viwango vya watengenezaji vinadai kwamba SSD ya kawaida iliyotumika mpaka mwisho wa uwezo wake ishike kumbukumbu mwaka mmoja bila umeme kwenye nyuzi joto 30. Ikiwa mpya hushika zaidi ya hapo, sikutishi. Lakini Moshi ya Februari unaijua, na kabati lako unalijua. Kingine ni kwamba mara nyingi SSD hufa ghafla, bila kugonga wala kukohoa, na kuokoa kilichomo ni kazi ngumu. Na kwa 550,000, karibu mchango wote umekwenda kwenye nakala moja.

Flashi za Mwanza, mwanangu, hapana haja ya kuzunguka: tera 2 kwa 35,000 ni flashi ndogo iliyofundishwa kusema uongo. Inaonyesha tera 2, inapokea mafaili yako yote bila kulalamika, na yakipita ukubwa wake wa kweli yanamwagika. Ukifungua picha za mwanzo zinafunguka, unafurahi. Za mwisho ndizo hazipo. Kama mdogo wako ameshanunua moja, aipime na programu ya H2testw, ya bure, inaijaza flashi yote kisha inaisoma upya na kusema ukweli. Tena asiaibishwe kwenye grupu. Wazo lake la kila mtu kuwa na yake ni zuri kuliko flashi zenyewe. Flashi halisi za giga 64, zenye picha mia kadhaa zilizochaguliwa vizuri, zingekuwa zawadi ya Krismasi ya kweli. Angalizo moja tu: flashi ikiwa imefomatiwa kwa mpangilio uitwao FAT32 haipokei faili moja linalozidi giga 4, na video za kaseti hufika huko. Chagua exFAT, Windows na Mac zote zinaisoma na kuiandika.

Diski za maofisi nazo si dhambi. Kama afya yake inasoma vizuri, inaweza kuwa nakala ya tatu. Kuifanya ya kwanza ni kumwoa mtu bila kuuliza alikotoka.

Dada yako na Google Drive yake nisingemdharau. Nyumba ikiungua, mwizi akiingia, mafaili yapo. Bure unapata giga 15, kwa hiyo mtahitaji kifurushi cha tera 2, na hapo maswali yanaanza. Kadi ya nani itakatwa kila mwezi? Mwenye kadi akiachishwa kazi, au akifariki, nani anaijua akaunti? Na kupandisha giga 900 kwa intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde ni zaidi ya siku 16, mchana na usiku, bila kukatika. Kwa bando la simu usijaribu. Wengi hupandisha sauti zote na picha zilizopunguzwa ukubwa, video nzito zinabaki kwenye diski. Halafu kuna hatari ambayo watu hawaioni: folda ya pamoja ambayo kila ndugu ana ruhusa ya kubadilisha. Mmoja akiondoa faili humo, linatoweka kwenye folda ya wote. Na mwenye akaunti mwenyewe akilifuta, Google hulishika kwenye kapu la taka kwa siku 30, kisha basi. Ndugu wapewe ruhusa ya kutazama tu, na mjue mapema nani mwenye ufunguo.

Ukichukua bei zako mwenyewe, tera 2 tatu ni 690,000, na inabaki nauli ya daladala. Mbili ni 460,000, na 240,000 zinabaki za waya mpya na za kuanzia Google. Tera 4 moja inakuachia 280,000, yaani ya tera 2 moja juu yake. Sikuchagulii, maana kuna jambo kwenye hesabu hii ambalo wewe unalijua na mimi silijui: nani katika ndugu zako ataikumbuka diski baada ya mwaka. Diski isiyochomekwa haina anayejua kama bado mzima. Mwenye kuishika akubali kuichomeka, tuseme kila Pasaka na kila Desemba, afungue picha kadhaa na video moja, aandike tarehe kwenye karatasi juu ya kava.

Kuhusu ikae kwa nani, kaka anasema Arusha na mdogo anasema Kibosho, na nyote mnaongea kama vile mmoja lazima akose. Kihamba kikigawanywa kinapungua, kila mtoto anajua. Picha ukizinakili, aliyepewa anazo zote na aliyetoa anazo zote. Njiro hakuna unyevu wa mlimani, na ni mbali vya kutosha kwamba moto au mwizi mmoja hawezi kufika kote. Kibosho kuna ukungu na moshi wa jikoni, lakini ndipo mama alipo, na diski ikikaa kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, itavumilia. Ndogo hizi zinakula umeme wa laptopu, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kunakili hamna hasara. Yenye plagi yake ya ukutani ndiyo ya kuogopa.

Hata hivyo sidhani kama mnagombea diski. Baba akiondoka, nani anashika vitu vyake huwa ni njia ya kuuliza nani amekaa kwenye kiti chake. Kaka anasema "mimi ni mkubwa". Kitindamimba anasema "mimi ndiye niliyebaki". Na wewe, uliyekesha na skana, hujasema kitu chochote kwenye grupu ila kutaja bei. Sijui kama kuna aliyekushukuru. Barua yako haisemi. Inawezekana sehemu ya uzito unaoubeba ni huo, na ungeshuka kidogo kama ungewaambia ndugu zako waziwazi kazi hii ilivyokuwa, kabla ya kuwapa cha kuweka kwenye sefu.

Sasa hilo faili.

Umeliona kama lina milango miwili, kuwagawia wote au kulificha, na mume wako akaongeza wa tatu wa kulifuta. Kufuta ni tofauti na hayo mengine kwa jambo moja: ukishafuta na diski zote zikawa hazinalo, hakuna kesho ya kubadilisha mawazo. Kabla hujamkasirikia, mwulize anaogopa nini hasa. Pengine ameona ndugu wakigombea ardhi kwao na hataki kukuona wewe kwenye baraza.

Ukilinakili pamoja na mengine bila kusema neno, utakuwa mkweli, ila kaka anaweza kulisikia mbele ya mkewe na watoto, Krismasi, mbege mezani. Ukweli uliomfikia mtu kwa njia ya kumvizia huwa anagombana na njia yenyewe. Ukiliweka pembeni, kwenye diski yako peke yake, unapata muda, na muda ni kitu cha maana. Lakini kila mwezi unaopita unabadilisha jina la jambo hilo, kutoka "nilikuwa nasubiri" kwenda "ulikuwa unaficha". Unaweza kulifungia kwa neno la siri kwa programu kama VeraCrypt, na hapo neno hilo likipotea faili limepotea, kwa hiyo mtu wa pili lazima alijue. Unaweza kwenda Njiro mwenyewe kabla ya sikukuu, ukakaa na kaka mkasikiliza wawili, bila grupu na bila mawifi. Huenda akalia. Huenda akakuambia ulitengeneza. Kwa ajili ya hilo la pili, faili la asili liache lilivyo kwenye simu ile na kwenye nakala zake, usilikate mwanzo wala mwisho, usibadilishe hata jina. Na kama unawaza kulitumia kudai shamba, mwone kwanza wakili au ofisi ya msaada wa kisheria akuambie rekodi ya namna hiyo ina uzito gani, usije ukajenga juu yake kitu isichoweza kubeba.

Nina swali kuhusu jambo unaloliona la hakika. Unasema kaka hajui. Umejuaje? Wazee wana tabia ya kusema jambo moja kwa watu wawili kwa siku mbili tofauti, wakitaka kuona nani atalileta. Inawezekana kaka analima shamba lile akijua alichosema baba, na anasubiri kuona ninyi mabinti mtasema lini. Inawezekana pia hajui kabisa, na kwamba dada yako wa Dar naye hajui kuwa ametajwa. Yeye ana haki gani ya kusikia? Hukumzungumzia.

Kuna mtu mwingine ambaye nimemtafuta kwenye barua yako. Mama alikuwepo baba anaongea. Alikuwa anachambua maharage, alikohoa, alikuruhusu kubeba maalbamu, na mdogo wako anataka kumpa chenji. Anachofikiri yeye juu ya maneno ya mumewe, na juu ya shamba lile, na juu ya wewe kuyaweka hadharani akiwa bado hai au baada yake, hakuna anayesema kwenye grupu, na wewe pia hujakisema. Kibosho si mbali na Soweto. Ungeweza kupanda siku moja ya katikati ya wiki, ukiwa na sauti hiyo kwenye simu, mkasikiliza naye mkiwa wawili tu, ukamwacha aongee au anyamaze.

Diski usisubiri mpaka hapo. Nunua waya leo, na ukiweza ununue ile ya kwanza kesho. Hakuna ndugu atakayekulaumu kwa nakala moja ya haraka. Na ukisharudi kutoka kwa mama niandikie tena, uniambie amesemaje.